Mashati ya Hamisi

Harufu ya kitambaa kipya chini ya pasi ya makaa ndiyo iliyotutangazia Idi mtaani kwetu Biryogo. Mama alikuwa fundi cherehani, na kila Idi alimshonea kaka yangu Hamisi shati, ingawa Hamisi hakuwapo. Mwaka 1990, Hamisi akiwa na miaka saba, mjomba alimpeleka Bujumbura akasome, kisha barabara zikawa za wasiwasi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hao hawakufika nyumbani kwetu. La Hamisi lilikuwapo, limekunjwa sandukuni. Lisilokuwapo ni langu.

Mimi nilikuwa kipimo. Hamisi alinizidi mwaka mmoja, basi Mama alinisimamisha, akanipima, akaongeza vidole viwili. Nilidai andazi kwa kila kusimama, tukapatana nusu. “Nyoosha mgongo,” alikuwa akisema, “kaka yako hapindi hivyo.” Futi ikizunguka kifua changu, macho yake yalikuwa yameshavuka mpaka. Bibi naye, siku zake zilisimama siku ile ya safari. Kila jioni alinituma nje nimwite Hamisi aje kula. Kubishana hakukuwa na faida, kwa hiyo nilitoka, nikaita, nikangoja kidogo, nikarudi peke yangu.

Mwaka 1993 Hamisi alikuja likizo. Mama akatoa mashati yote. Nikayahesabu, nikarudia: matatu. Akamvika la mwisho, alilolishona Idi ya mwaka ule. Mikono ikameza vidole vyake.

“Mama, hii iko ya nani?” Hamisi akauliza.

Bibi akanituma nikamwite Hamisi, na Hamisi ameketi mbele yake. Mama akamvua lile shati, akanivika mimi. Likakaa begani, likakoma kifundoni mwa mkono. Akanitazama kama mteja mgeni aliyeingizwa na mvua.

“Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unakua,” akasema.

Mwaka uliofuata, ule wa mauaji ya kimbari, ulitubakiza Hamisi na mimi tu. Yeye yuko Bujumbura, ana kitambi. Mimi nauza vitambaa katika vichochoro vilevile, na sikati kabla ya kupima mara mbili. Shati ninalo, mikono inanikomea kwenye viwiko. Jioni nikifunga duka, mama fulani akimwita mwanawe aje kula, mimi husimama kidogo na ufunguo mkononi. Si mimi ninayeitwa. Nimeshahakikisha mara mbili.