Ndege Saa Kumi

Mpaka leo mtu akinitajia saa kumi, mwili unanisisimka. Kosa ni langu, sitafuti wa kumsukumia.

Baba alifariki Bariadi asubuhi ya Jumanne, ile miaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuruhusiwa kuingia kwetu. Mmoja wao alifungua ofisi karibu na nyumbani, na ofisi ilikuwa na simu. Karani wake alinionea huruma, akanipigia Amsterdam, alikokuwa anasoma kaka yangu. Kaka alilia tu. Mchana akapiga mwenyewe, simu inakwaruza, nikaambulia maneno machache: "Kesho nakuja. Ndege, saa kumi. Msimzike kabla sijaja." Ikakatika.

Nilikimbia kuwatangazia waombolezaji kwamba kaka anafika kesho saa kumi jioni. Watu wakabaki midomo wazi. Dar es Salaam tu ilituchukua siku tatu, na mvua ikinyesha ndiyo usihesabu kabisa. Leo mtu atoke Ulaya afike kesho hiyohiyo? Baba mdogo akaniuliza kama nina uhakika. Kwa kimbelembele changu cha kidato cha nne nikamjibu kwamba nimesikia kwa masikio yangu haya. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ndege. Sisi safari tulizitaja kwa siku. Saa ilikuwa ya kuondokea na ya kufikia, basi.

"Kwa joto hili tutasubiri mpaka hiyo saa kumi," baba mdogo akasema. "Zaidi ya hapo tutakuwa tunamdhalilisha marehemu."

Jumatano tulishinda tunatazama barabara ya Mwanza. Saa kumi ikafika, ikapita. Mayu, mama yangu, aliomba nusu saa, akapewa. Kisha tukazika. Nilimkasirikia kaka vibaya sana. Nilisema mbele ya mashangazi kwamba Ulaya imemlevya.

Alhamisi alasiri pikapu ya kukodi ikasimama uani. Kaka alishuka na koti limekunjamana, akaliona kaburi bichi nyuma ya zizi. Hakuwauliza wakubwa, aliniuliza mimi.

"Mmeshamzika?"

"Jana. Tulikusubiri mpaka saa kumi, kama ulivyosema."

Alinikodolea macho. "Mdogo wangu, nilisema ndege inatumia saa kumi. Saa kumi za kukaa angani. Halafu kuna kulala Dar, halafu Mwanza, halafu ndiyo huku."

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Baba mdogo alianza kueleza kwamba simu yenyewe ilikuwa mbovu, akaishia njiani.

Kaka alichuchumaa pembeni yangu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Jana saa kumi jioni nilikuwa juu ya mawingu," alisema. "Nilitazama saa, nikajiambia, bado wananisubiri."