Simu Iliyonyamaza Ndovu Wakija

Fundi wa simu pale Voi ndiye aliyenifanyia hivi, na simsamehe. Nilimlalamikia kwamba chaji inaisha haraka, na sisi huku Kasigau tunategemea sola. Akabonyezabonyeza, akacheka. "Mzee, simu yako inafanya kazi kumi kwa pamoja kama kibarua wa mkonge! Sasa itafanya moja tu, ile uko nayo mbele."

Nikamshukuru, mjinga mimi.

Katika hizo alizozima ilikuwemo programu ya ndovu, ile inayolia majirani wakiona kundi linakuja na kutoa taarifa. Watu wa shirika waliotuletea programu hiyo walitufundisha kanisani namna ya kuifungua. Hawakutuambia kwamba lazima iendelee kukesha hata ukitumia simu kwa jambo lingine. Nao pia nawalaumu.

Jioni moja, jua bado liko, nilikuwa juu ya dungu, jukwaa langu la miti, nikilinda pojo zangu, nasikiliza mahubiri kwenye simu. Haikulia. Nilisikia dungu likitikisika, nikatazama chini, nikaona mgongo wa ndovu karibu niuguse kwa mguu. Aling'oa nguzo moja. Nikaanguka, nyonga ikavunjika, nikalala palepale katikati ya pojo nikimsikia yeye na wenzake wakitafuna.

Fundi mwingine ameniapia kwamba ameirekebisha. Simwamini. Nikiwa shambani, ile programu naiacha wazi peke yake. Binti yangu akipiga, simu inatetemeka mkononi, na mimi naitazama tu mpaka akate, maana nikipokea, ile ya ndovu italala.