Kibao cha Mwonaji

Baba alikuwa fundi wa kuandika vibao, na watu wanaotabiri mambo wote walipitia kwenye karakana yetu. Neno la kila mmoja alilijua. Mpiga ramli ni yule wa kuchora mistari mchangani. Mnajimu ana vitabu vya nyota, na huyo herufi zake lazima ziwe na madoido. Mwaguzi hutafuta kilichomletea mtu maradhi. Mtabiri aliliona neno lililopoa, la watu wa hali ya hewa. Kahini hakumwandikia mtu hata mmoja. Hilo, alisema, ni jina la kumwita mtu akishaondoka. Wote aliwaandikia vizuri na hakumwamini yeyote.

Alikuwa na desturi moja: herufi ya mwisho haiandikwi mpaka mwenye kibao aje kukichukua, aione ikiandikwa mbele ya macho yake.

Mimi nilipiga mbao msasa na kukoroga rangi. Herufi sikuandika, kwa kuwa mwandiko wangu ni wa kuku. "Brashi hii utaishika nikishazikwa," Baba alizoea kunitania. Tulikuwa wawili tu tangu mama afariki, na utani huo tuliucheka miaka.

Siku moja akaja mama mmoja mwembamba na ubao wake mkononi. Baba akamtajia majina yote, naye kila moja akalitikisia kichwa. Hapigi ramli, hasomi nyota, haagui mtu. Yeye huona tu. Wakakubaliana aandikiwe Mwonaji, neno la kwenye vitabu vya dini ambalo Baba hakuwahi kuliweka kibaoni. Akamweleza desturi yake, kwamba herufi ya mwisho ataimalizia Alhamisi.

"Hiyo ya mwisho ataiandika binti yako, fundi," alisema yule mama. Alisema kama anayetaja saa.

Baba alicheka, ila kicheko kilikatika katikati. Mimi niliacha kukoroga rangi. Wiki nzima sikugusa hata mkebe wa rangi, na Baba hakuniomba. Kibao kilisimama ukutani kimeandikwa MWONAJ, nasi tukawa tunakipita kwa mbali.

Alhamisi yule mama alipoingia, Baba hakungoja hata aketi. Alichovya brashi kwenye mkebe uliokuwa karibu, akapiga I moja iliyonyooka, akamwekea kibao mikononi.

"Haya, mama. Nani ameandika?"

Yule mama alishukuru, akaenda zake. Baba alifurahi kupita kiasi. Kwa siku kadhaa kila mteja alisimuliwa. Mimi nilikuwa nimeuona ule mkebe. Ilikuwa rangi ya maji, ya kupaka kuta za ndani, wala si ya mafuta. Ningesema, yule mama angeitwa arudi na kibao chake. Nikanyamaza.

Miezi saba baadaye Baba alianguka asubuhi akinywa chai, na hakuinuka tena. Moyo, walisema.

Baada ya mazishi nilikwenda kuifunga karakana moja kwa moja. Nilimkuta yule mama amesimama mlangoni na kibao. Mvua ilikuwa imekula herufi moja tu. Zile sita zilikuwa zinang'aa kama siku ya kwanza.

"Pole, mwanangu," alisema. "Najua hutaki."

Nilimchukia. Nilitaka kumwambia aende kwa fundi mwingine, lakini nilikitazama kibao nikaona aibu. Ile ilikuwa kazi ya Baba, imeharibika, na aliyejua itaharibika ni mimi. Nikafungua mkebe wa rangi ya mafuta, nikaichukua brashi yake. Mpini ulikuwa umelika pale alipozoea kushika, na vidole vyangu vikaingia palepale. Nikapiga mstari, mimi wa mwandiko wa kuku. I ilitoka imenyooka kabisa, kama yake, nami nikalia nikiitazama.

Tulikaa tukingoja ikauke. Alipoinuka kuondoka aliniangalia usoni, akafungua mdomo.

"Usiniambie," nilisema.

Akaufumba. Kisha akanishika mkono kuniaga, na hakuuachia upesi.