Mwalimu aliahidi kutuonyesha ndege Musoma, shangazi akavaa viatu vya kanisani

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu marahaba. Mvua imenifungia ndani leo nikakumbuka matembezi yangu ya Musoma, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kisa ni changu na sikiongezi chumvi. Chumvi yenyewe enzi hizo ilikuwa ya foleni.

Nilikuwa karani kwenye ofisi moja mjini, naishi Kamunyonge kwa shangazi Nyangeta, dada yake baba. Baba alikuwa kijijini Kiriba na ng'ombe wake.

Wachumba walikuwa wawili.

Mmoja mkulima wa pamba wa Bunda, mtu mzima, ng'ombe wake baba alishaenda kuwatazama akarudi anawasifia rangi.

Wa pili Mwalimu Stefano, kijana wa Muheza aliyepangiwa kufundisha baiolojia kwetu. Mali yake redio na koti moja.

Moyo wangu ulikuwa kwa mwenye koti moja, nisiwafiche.

Baba akaagiza shangazi amchunguze huyo mwalimu, kisha aje aseme. Neno lake ndilo lingenipeleka Bunda au kunisalimisha. 

Mwalimu akaja kusalimia, akasema kwa adabu zake za Tanga, "Shangazi, Jumamosi niwapeleke Makoko mkawaone ndege."

Sasa sikilizeni hapo.

Mtu wa Tanga akisema "mkawaone" unajua ni wale wenye manyoya. Ile ya chuma angesema "mkaione". Sisi watu wa Mara ngeli hizo tuliziachaga shuleni. Ng'ombe zimekunywa, mbuzi zimepotea, ndege zimetua. Ya manyoya, ya injini, kwetu yote ni mamoja.

Na uwanja wa ndege wa Musoma uko mjini, kwenye njia ya kwenda Makoko. Mafuta yalikuwa adimu nchi nzima, ndege ya chuma tulikuwa tumeshaanza kuisahau.

Jumamosi nikamkuta shangazi na kitenge cha Pasaka na viatu vya kanisani.

"Mbona hivyo?"

"Sasa mtu unaendagaje kuona ndege na kandambili?"

Nikaelewa. Sikumsahihisha, kwa woga tu.

Masika yalikuwa yameshika. Majani yamefunika hadi mitaro, minyonyo imeota kwenye viwanja vya watu waliokosa saruji ya kujengea. Kulipendeza sana.

Tukafika uwanjani. Shangazi akasimama, akajifuta jasho, akatazama juu. Mwalimu naye akatazama juu.

"Hao wanakuja!"

Kundi la yangeyange, wale weupe wanaofuata ng'ombe malishoni, likashuka likatua katikati ya uwanja.

Shangazi akasubiri.

"Na ndege yenyewe?"

"Ndio hao, shangazi. Tazama wanavyopendeza."

Akanigeukia akaniambia kwa kilugha kwamba huyu mtu amemchoshea viatu bure. Nikajiona niko Bunda tayari, napalilia pamba.

Mwalimu hakujua lolote. Akaendelea kutuonyesha minandi kwenye mawe ya ziwani, wameanika mbawa kama nguo. Akatuonyesha mwewe wanaowavizia kina mama walioanika dagaa. Shangazi anatembea mbele, haitikii hata "ehe".

Karibu na Makoko akaona mlenda pori, umechipua mwororo baada ya mvua. Mboga ile hakuna mwanamke wa kwetu anayeipita, awe na viatu vya kanisani au vya arusi. Akainama kuchuma. Ukajaa mikononi na kikapu hatuna.

Mwalimu akavua koti. Lile moja. Akalitandaza.

"Weka humu, shangazi."

"Litachafuka."

"Litafuliwa."

Na sabuni ilikuwa hakuna, wakuu. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai.

Shangazi akaweka mlenda, sasa akawa anatembea pembeni yake. Kwenye matete akauliza mwenyewe, "Na hizi za njano zinafanyaga nini?"

Walikuwa minana wanasuka viota. Mwalimu akaeleza kuwa dume ndiye anayejenga, jike anakuja kukagua. Asiporidhika, dume anaweza kubomoa akaanza upya.

"Hakasiriki?"

"Akikasirika atalala peke yake."

Shangazi alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe na kitenge chake cha Pasaka. Tulirudi tukipita mbele ya wanafunzi wa mwalimu, amebeba furushi la mlenda kifuani, anaitikia shikamoo zao bila aibu.

Jumapili tukaenda Kiriba. Baba akauliza, "Huyo mwalimu amekufanyia nini?"

"Amenionyesha ndege," shangazi akasema. "Zimetua uwanjani pale, mbele yangu. Nyeupe."

Baba akakaa vizuri. "Na mafuta hayapo?"

"Hizo hazitumiagi."

"Uliona ndani?"

"Za njano ndiyo niliona. Mke alikuwa ndani anakagua, mume nje anatengeneza."

Baba akatikisa kichwa. "Wazungu hawa."

Mimi nilikuwa nauma khanga. Shangazi akamaliza, uso mkavu, "Kaka, huyo ndiye. Ng'ombe za Bunda zibaki Bunda."

Baba akakubali. Kwa miaka mingi tuliamini tulimdanganya mzee.

Biashara ilipofunguliwa na sabuni zikajaa madukani, siku moja mimi, mwalimu na shangazi tulikuwa Kiriba na watoto, tunajiandaa kurudi mjini. Yangeyange wakashuka katikati ya ng'ombe wa baba. Mzee akawatazama, hakucheka hata kidogo.

"Mwalimu, ndege yenu imetua. Wahi, kaulize kama kuna nafasi."

Shangazi akajifunika uso na kitenge. Baba akasema, "Nyangeta, tangu tuzaliwe ulikuwa hujawahi kumsifia mwanaume. Ningebishaje?"

Nilichojifunza: wazee wetu walijuaga zaidi ya walivyoonyesha. Kuna siku walikubali kudanganywa, kwa sababu tu walitupenda.

Baba na shangazi sasa wote wametangulia. Koti tunalo, doa la mlenda halijatoka.

Wa Mara mliopo humu, na nyie ndege zenu huwa zinatua au wanatua? Semeni, mwalimu yuko hapa pembeni anasahihisha.