Kitambaa cha Kochi na Bunduki ya Upepo

Mume wangu hunawa mara mbili kabla ya kuigusa bunduki yake ya upepo, lakini mimi hunishika na mafuta ya chipsi vidoleni. Jumamosi iliyopita aliilaza juu ya magazeti jikoni kwetu, hapa Edmonton, akaifuta kwa spiriti, kisha akavaa glavu zangu za kazini ili jasho lisiharibu rangi. Alitaka kuipaka mabaka kama ya sare za wanajeshi, ya rangi ngumu isiyochubuka, ingawa kwenye klabu yake ya shabaha hulenga karatasi tu. Alipuliza rangi ya kijani ya kopo, akaikausha kwa draya yangu ya nywele, akiinong'oneza, "Taratibu, mama, taratibu." Sauti hiyo niliisikia mara ya mwisho tukichumbiana. Nilikuwa nimesimama na chai yake mkononi, inapoa.

Kisha akataka kitu chenye matundu cha kuchorea mabaka. Akaenda sebuleni, akavuta kitambaa cha kochi, kile cha maua ambacho mama alinifumia kwa ajili ya harusi yetu, akaifunika nacho bunduki, akapuliza kahawia. Alipokibandua, maua ya mama yalikuwa yamejipanga kuanzia kitako hadi mtutu. Nilifungua mdomo nimgombeze. Lakini alikuwa amekiinua kitambaa dirishani, kimelowa rangi, akikikagua ua baada ya ua.

"Mama Daisy, hiki kitu ni kizuri ajabu," akasema. "Ulikinunua lini?"

Kimekaa pale kwenye kochi, nyuma ya kichwa chake, miaka kumi na miwili.