Nani Ana Mamlaka ya Kusema Pole

Tumemzika mama mmoja wa Kabuchai, wasomaji wangu. Jina lake nalijua, na la babake, na la ng'ombe wake wa mwisho, lakini sitayaandika maana watoto wake husoma gazeti. Nilimjua akiwa na miaka saba, katika makao ya watoto upande wa Kitale, nilikokuwa mpishi. Siku hizi pale ni shamba la mahindi. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, na mpaka leo nakutajia wote bila kukosea. Msimamizi alikuwa anawachapa kwa mkanda wa posho mill, ile mashine ya kusaga unga, wengine wanalala kwa tumbo wiki nzima. Mimi nilisikia. Nilikoroga uji.

Miaka ikapita, mama huyo akanijia akiwa na wajukuu wake na daftari. "Mama, si wewe ndiye ulikuwa jikoni? Nipe majina ya wote waliokuwa pale." Nikampa yote. Alitaka itungwe sheria, ili walioumizwa katika makao kama yale wasikilizwe, watibiwe, na serikali iwaambie pole kwa mdomo wake. Bungoma, kijana wa kaunti alimfungulia Katiba mahali kazi zimegawanywa, akamwambia kwa heshima kwamba sheria ya nchi nzima ni ya serikali kuu. Akaenda Kitale kwa afisa wa serikali kuu. Huyo naye akafungua kitabu kilekile: makao ya watoto yaligatuliwa, mama, rudi kaunti. Akamjibu, "Nyinyi bana! Nilipochapwa, hakuna aliyeuliza huu mgongo ni wa kaunti ama wa serikali kuu." Kisha akanunua Katiba yake, akaisoma mpaka jalada likatoka. Akapata palipoandikwa kwamba serikali moja inaweza kuikabidhi nyingine kazi, wakikubaliana. Akarudi nayo Kitale. Afisa akasoma, akasema ni kweli kabisa, kinachobaki ni wakubaliane tu. Aliondoka duniani wakiwa bado wanapanga mkutano.

Kwetu, siku wafiwa wanaponyolewa, siku tatu baada ya mazishi, mzee husimama kuuliza madeni. Mara nyingi ni jembe, ama kuku. Mzee akauliza, "Nani anamdai marehemu? Na yeye anamdai nani?" Kitinda mimba wa marehemu, binti, akainuka. "Mama alikuwa anadai pole." Mzee akamgeukia. "Anamdai nani?" Binti akaonyesha viti vya mbele, walikokaa chifu na mwakilishi wa wadi. Chifu akaanza, "Mimi niko chini ya serikali kuu, sasa hii mambo..." Mwakilishi akadakia, "Na sisi kama kaunti..." Watu wakacheka, hata wafiwa. "Kaeni, baba zangu," mzee akasema. "Kuna mwingine?"

Nikasimama na fimbo yangu. Nikasema mimi nilikuwa mpishi, nilisikia, nikanyamaza, pole. Binti akaniangalia, akasema, "Tumesikia, kukhu," yaani nyanya. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Sheria itungwe, na wenye Katiba wakubaliane haraka, maana wale watoto wengine wa makao wanazeeka na majina yao ninayo. Lakini miaka yote hiyo nilidhani pole ni kazi ya wakubwa. Ile yangu haikuhitaji mamlaka ya mtu. Ilihitaji niseme akiwa hai, siku ile alipokaa jikoni kwangu na daftari, nami nikampa majina ya watu wote isipokuwa langu.