Skripti Isiyo na Adabu

Gaudiosa alikuwa fundi kompyuta wa chama kimoja cha wanunuzi wa mahindi mjini Sumbawanga, na kompyuta hazikuwahi kumsumbua kama watu. Matawi yote, Matai, Kasense na kwingineko, yaliingia kwenye seva moja iliyokaa chumbani kwake, na seva yenyewe ilikuwa na nafasi chache. Makarani wakimaliza kazi walizima kioo cha kompyuta, wakavaa masweta, wakaenda zao. Walidhani wametoka. Kumbe huko ndani majina yao bado yamekalia viti, na asubuhi wenzao wakibisha hodi hawafunguliwi. Hapo simu zinaanza: "Dada, mfumo umegoma!"

Bosi wake, Bwana Raymond, alichoka. "Ukigoma tena msimu huu, nimeshaongea na fundi wa Mbeya. Yeye anakuja, wewe unakwenda."

Gaudiosa alikuwa bado kwenye mkataba wa majaribio, na kazi hiyo aliipenda mno. Akaingiwa na hofu kwelikweli.

Akaandika skripti, yaani amri chache kwenye faili moja ambazo seva inazifuata yenyewe: tazama nani amekaa kimya muda mrefu, mpe onyo, kisha mtoe. Jina la bosi aliliruka, maana hakuwa mjinga. Onyo lenyewe aliliandika kwa mkato: UMEKAA BILA KAZI. UNATOLEWA.

Onyo la kwanza likamwangukia Mzee Isdori, karani mkongwe wa Matai, akiwa katikati ya kusalimiana na mkulima. Na salamu za Ufipa hazikimbizwi: watoto, ng'ombe, mvua, mgonjwa wa juzi, kila kimoja kina zamu yake. Mzee aliposoma kioo, akazima kompyuta, akatoka na kukaa barazani. Mahindi yakabaki kwenye mizani.

Gaudiosa akampigia simu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kumbe unaijua! Mwanangu, hata kuku anaambiwa 'shii' kabla ya kufukuzwa."

"Nisamehe mzee. Narekebisha sasa hivi."

Aibu ilimjaa. Akabadilisha maneno: Shikamoo. Naona umetulia. Naomba nikutoe. Wazee wakafurahi sana. Kila salamu ilipotokea kwenye kioo walibonyeza "Sawa" kuiitikia, kisha wakaendelea na chai yao. Nayo seva, ikiona mtu amebonyeza, ilijua yuko kazini. Hakutoka hata mmoja! Gaudiosa alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akamkumbuka fundi wa Mbeya, kicheko kikakatika.

Ndipo akaweka kwenye kila kompyuta kitufe kikubwa alichokiita KUAGA. Ukikibonyeza, kinakutoa kwenye seva, basi. Nani Ufipa, mwenyeji au mhamiaji, angeondoka kwa watu bila kuaga? Mzee Isdori alikibonyeza hata akienda chooni.

Mfumo ukapumua. Lakini mahindi yalipofurika kweli, kila tawi likaongeza makarani, na seva ikajaa tena. Matai wanapiga simu, wakulima wako foleni, na katika viti vyote kimoja tu kilikaliwa na mtu asiyegusa chochote tangu asubuhi: Bwana Raymond. Alikuwa Kasense kwenye kikao cha harusi, simu imezimwa. Akimtoa bosi, kazi imekwenda. Asipomtoa, mfumo umegoma, na kazi imekwenda vilevile. Hakuandika onyo wala shikamoo. Akamtoa.

Jioni bosi alirudi, akaketi, akatazama kioo chake. "Nani kanitoa?"

"Mimi, bosi," Gaudiosa alijibu. "Uliondoka bila kuaga. Matai walikuwa wanahitaji kiti."

Bwana Raymond akachukua simu, akapiga Mbeya huku amemkazia macho.

"Fundi, usije tena," alisema. "Huyu wangu hana adabu hata chembe, lakini simwachii mtu."